Glucosamine ya Koko

Mimi nisiyethubutu hata kunyoosha kidole darasani, juzi nilijifanya docteur. Mjomba alimletea koko, bibi yetu, vidonge vya glucosamine toka Kampala, maana magoti yake yamelika, na kila risasi zikianza hapa Bunia baba humkimbiza juu ya baiskeli.

“Gluco ni glucose,” nikamwambia baba kwa majivuno ya mjinga. “Ni sukari ya nguvu. Leo koko atakimbia mwenyewe!”

Maskini baba aliniamini, akampa jirani baiskeli aende nayo sokoni.

Mchana risasi zikalia. Koko akasimama, magoti yakakataa, akaketi. Baba alibeba wadogo zangu. Mimi nikambeba koko mgongoni hadi parokiani, nikihema kama mbuzi. Huko infirmier, muuguzi wa mtaa wetu, akauliza baiskeli iko wapi. Baba akaeleza yote, mbele ya wanafunzi wenzangu.

“Glucosamine haiko sukari ya kukimbilia, weye!” infirmier akaniambia. “Nyingi inaishia ku ini. Ile kidogo inafika ku goti inakawia majuma, na pengine haisaidie kitu.”

Watu wakacheka. Koko, angali mgongoni kwangu, akawanyamazisha:

“Muache docteur wangu. Dawa nilimeza miye, mbio ikamushika yeye.”