Nilivyokwenda Kajiado Kumtetea Pacha Wangu

Harusi ya pacha wangu Nashipae ilikuwa imekwama, na aliyeikwamisha ni mimi. Niko na lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kumshambulia. Mimi na Nashipae tulitoka yai moja. Basi mama yake Lemayian, mchumba wa Nashipae, alipopata habari alisema ukoo uchunguzwe kwanza, kama desturi yetu Wamaasai ilivyo. Kama mmoja ameugua, mwingine si yuko njiani?

Jumamosi saa moja asubuhi nilifunga kibanda changu cha kushonea nguo hapa Kitengela. Nilivaa kofia pana na mikono mirefu, maana jua huniamshia ugonjwa, nikapanda pikapu ya jirani yangu, Baba Wanjiru, aliyekuwa akipeleka nyasi kavu Kajiado. Kwenye pochi nilitia bobini ya cherehani iliyozungushiwa uzi mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa digrii yangu.

Isinya tulisimama kunywa chai. "Sasa wewe utamwambia nini huyo mama?" Baba Wanjiru aliuliza. "Na sayansi ilikushinda!"

"Haikunishinda. Mwalimu alinifukuza kwa kucheka."

Nikacheka tena hadi chai ikamwagika. Mvua ilikuwa imenyesha wiki hiyo na mbuga yote ilikuwa kijani, mbuzi wameshiba hadi wamelala. Ningewezaje kununa?

Saa nne tulifika Kajiado. Nashipae aliningoja kando ya barabara, ana sura yangu, ila bila madoa ya lupasi. Tulitembea hadi bomani kwao Lemayian.

"Usimdanganye," aliniambia. "Lakini pia usimtishe."

"Basi ninyamaze?"

"Wewe? Utaweza?"

Mama Lemayian alikuwa nje ya nyumba akitunga shanga. "Takwenya, Yeyo!" tukamwamkia, yaani shikamoo, mama. "Iko," akaitikia. Tuliinamisha vichwa, akatugusa utosini. Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Enkai, Mungu wangu! Ni nani mgonjwa hapa?" Nikavua kofia, akayaona madoa mashavuni.

Nikaanza, kama daktari wangu alivyonieleza. "Yeyo, ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi mrefu wa maagizo tuliyorithi. Wangu na wa Nashipae ni sawa. Uzi huo umezungushwa kwenye vitu vidogo kama hizi shanga zako."

"Shanga haizungushwi uzi," akanikatiza. "Uzi inapita ndani. Nani alikufundisha?"

Walicheka wote, hata Lemayian aliyejificha nyuma ya ua. Aibu ilinishika! Nikatoa bobini haraka. "Basi ni hivi. Hapa uzi umekazwa, maagizo hayasomeki. Hapa umelegea, yanasomeka. Maambukizi, jua na mambo mengine ambayo hata daktari hayajui yote hukaza huku na kulegeza kule. Kwangu yamelegea yale ya kinga yaliyopaswa kutulia. Kwake bado yametulia."

Alichukua bobini, akavuta uzi kidogo. "Kwa hivyo maneno ni yale yale. Huyu anasomewa, huyu hasomewi."

"Ndiyo hivyo, Yeyo!" Nilitamani kumkumbatia. "Na mimi niko na dawa. Nashona, nakula, nacheka kupita kiasi."

"Hiyo nimeona. Sasa niapie huyu hataugua."

Nashipae aliinama akatazama viatu vyake. Kiapo kimoja tu na harusi ipo! "Siwezi, Yeyo," nikasema. "Anaweza kuugua kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Anaweza pia kuzeeka bila kuugua."

Alitumiminia chai ya maziwa, akauliza habari za mvua Kitengela. Nashipae hakuweza kunywa yake.

Saa tisa alitusindikiza hadi langoni, akamshika Nashipae mkono. "Watu wengi wamekuja hapa kuniapia juu yako. Dada yako amekataa, na huyo ndiye namwamini. Lemayian alete wazee, tupange siku. Ukiugua, nitakuuguza mimi."

Nashipae alilia, nami nikalia, Lemayian akarukaruka peke yake kama amepata ng'ombe mia.

Jioni, njiani kurudi Kitengela, niliimba hadi Baba Wanjiru akaniomba nipumzike. "Kwa hivyo huyo mama haogopi tena?" aliuliza.

"Anaogopa," nikamwambia. "Amesema Nashipae aje hivyo hivyo."