Mshale Ulioelekea kwa Mama Mkwe

Mke wangu ni Mganda, na kwa Waganda mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, haketi naye kiti kimoja, hali naye sahani moja. Ukimgusa, wanasema, mikono itaanza kutetemeka na haitaacha. Nilikuja Kampala kutoka Kisumu nikiwa kijana aliyemaliza sekondari na asiyejua atulie wapi, na mambo mengi ya hapa niliyachukulia kwa mzaha. Hili sikulifanyia mzaha hata siku moja. Miaka yote ya ndoa yetu, mimi na mama tulisalimiana kwa mbali kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Ndiyo maana mguu wake ulipoanza kumsumbua, nyumbani kukawa na kazi. Daktari alitaka afanyiwe mazoezi mjini kila wiki, na kwao kijijini ni mbali. Mke wangu alimwomba akae nasi Bugolobi mpaka apone. Mama akakataa. Fleti ina vyumba viwili na korido moja. Mkwe atapita wapi? Tena mkwe mwenyewe, alisema, ni mzururaji, hajui kukaa. Siku ninayoisimulia, mama alitoka kliniki, na jioni alikuwa apande basi arudi kwake. Mke wangu alijua kwamba akirudi, mazoezi yameisha, na mguu ndio basi tena.

Akatuacha kwenye bustani ya zamani iliyo mbele ya mahakama, akakimbia soko la Owino kufunga kibanda chake cha nguo. Mama akaketi kwenye benchi la chuma. Mimi nikasimama mbali, chini ya mtende. Naipenda bustani ile. Nilipokuwa mgeni mjini nililala mchana kwenye nyasi zake, gazeti la jana usoni, huku wapiga picha wakipita na kamera shingoni wakiwaita wachumba waje wapigwe picha. Siku hizi simu zimewamaliza. Amebaki mmoja au wawili.

Kuzurura kwangu nako siku hizi kuna kisingizio. Kuna mchezo unaochezwa nchi nyingi: mtu anaficha kisanduku mahali, anaweka alama kwenye programu ya simu, na wengine wanakitafuta kwa kufuata mshale. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kikaratasi kilichomo, unachukua kitu kidogo, unaacha kingine, unakirudisha. Nimeshavitafuta mpaka Port Bell. Sasa, kwa kuwa sikuwa na la kuzungumza na mama, nikafungua simu. Kisanduku kimoja kilikuwa humo humo bustanini.

Mshale ukanipitisha kando ya maua, ukanivusha njia ya saruji, kisha ukanyooka moja kwa moja kwa mama mkwe.

Nikarudi nyuma. Nikazunguka nije kwa upande wa pili. Mshale nao ukageuka. Nikazunguka tena, nimeinamia simu, na mpiga picha aliyekuwa akinitazama akashindwa kuvumilia.

"Ssebo, bwana! Huyo mama amekukataa, tafuta mwingine!"

"Ni mama mkwe wangu."

"Haa! Basi wewe kimbia kabisa!"

Mama alikuwa amesikia yote. Kiswahili chake alikiokota zamani akiwauzia askari chai kambini, na hakina mapambo. "Mkwe! Wewe nazunguka mimi kama kuku nataka kutaga. Iko nini?"

"Mama, samahani, simu inasema kuna kitu chini ya benchi lako."

"Nyoka?"

"Hapana, mama! Kisanduku. Ni mchezo tu."

Akapitisha mkono chini ya chuma, taratibu, uso umekunjamana. Kisha akavuta kikopo kidogo kilichokuwa kimenata kwa sumaku. Akakifungua mapajani: kikaratasi, kifungo cha shati, ushanga, sarafu ya nchi nisiyoijua.

"Nani mwenye hii?"

"Hakuna mwenyewe, mama. Mtu anaweka, anaondoka. Mwingine anakuja, anachukua, anaacha chake."

"Na hawaonani?"

"Hawaonani."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kama mimi na wewe!"

Akachukua kifungo, akachomoa pini kwenye vazi lake la busuti akaitia ndani. Akakiweka kikopo benchini, akainuka kwa fimbo, akaenda benchi la pili. Hatua zilimuuma, na kila hatua nilitamani kumshika kiwiko. Sikusogea mpaka alipokaa. Ndipo nikaenda, nikaandika jina langu, na juu yake nikaandika la mama, maana yeye ndiye aliyekiona.

Alipotazama simu yangu kwa mbali, akaniuliza kama Bugolobi nako visanduku vipo. Nikamwambia vipo.

Mke wangu alirudi akihema, begi la safari la mama begani. "Mama, twende, basi litatuacha."

"Basi liende," mama akasema, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. "Mimi nalala Bugolobi. Huyu mtu najua kuachia mtu nafasi. Lakini akipita korido, akohoe."

Mke wangu akanitazama kana kwamba nimemroga mama yake. Nikakohoa.

Wakaingia teksi moja, mimi nisingeweza kukaa nao. Nikashika njia kwa miguu kupitia viwandani, polepole kwa makusudi, ili mama afike kwanza na achague chumba anachokitaka.