Vitambaa Kumi na Vinne vya Bwana Kifua

Mume wangu wanamwita Bwana Kifua. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ana kikohozi kisichopona. Hana. Mapafu yake ni mazima kuliko yangu, na akipiga chafya jirani wa ng'ambo ya barabara anasema pole. Jina alilipata msituni, na nitaeleza alivyolipata, kwa sababu wapo wanaolieleza vibaya nami nipo hapa hapa nawasikia.

Kazi yake ni kupima miti. Nyuma ya kituo cha utafiti kuna kipande cha msitu kilichozungushiwa kamba, na ndani yake kila mti ulio mnene kuliko mkono wa mtu umepigiliwa kibati chenye namba. Miti mia sita na kumi na miwili. Kila mwaka mvua zikipungua, mume wangu huizungukia yote na utepe wake, akasoma unene wa kila mmoja, akauandika kwenye daftari. Wasomi wanataka kujua mti gani unakua, upi umedumaa, na upi umechipuka pale ulipoanguka mwenzake. Aina za miti humo ni nyingi mno. Yeye huzitambua kwa kukwaruza gamba na kunusa.

"Huu unanuka kama viazi vibichi," aliniambia siku moja, "na ndugu yake yule ananuka kama viatu vya shemeji yangu."

Shemeji yake ni kaka yangu. Siku hiyo chai alijipikia mwenyewe.

Sasa, mti haupimwi popote tu. Chini una mizizi iliyotanuka kama mbavu, juu unazidi kuwa mwembamba. Lazima upimwe palepale kila mwaka, mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini, kimo wanachokiita cha kifua. Mkubwa wa kwanza wa kituo, mzee mpole wa soksi ndefu, alimsimamisha mume wangu kando ya fimbo ya kupimia, akaona alama imeangukia kwenye kifungo cha tatu cha shati lake, sawasawa kabisa. Akacheka, akasema, "Basi wewe ni kipimo kinachotembea, Bwana Kifua!"

Toka siku hiyo fimbo aliiacha stoo. Ya nini? Anasimama mbele ya mti, utepe unapita usawa wa kifungo cha tatu, kwisha. Hapo anapaka mstari mwekundu, na kwa kuwa rangi huliwa na mvua na kuvu, kila mwaka anaupaka upya. Mashati na makoti yake yote nashona mimi, na kifungo cha tatu sijawahi kukihamisha hata kwa upana wa uzi. Miaka ishirini na nane.

Mwaka jana akaja mkubwa mpya, binti bado mbichi, daktari wa miti. Jumamosi moja akabisha hodi kwetu, kabeba sanduku la madaftari. Mimi nilikuwa dirishani kwenye cherehani, naunga sketi za shule.

"Karibu mwanangu. Sogeza hizo nguo ukae."

Akaamkia, akakaa, akaweka sanduku mapajani kama mtu aliyekuja na mtoto wa mwenzake.

"Mzee, nimeyasoma madaftari yote. Kuna kitu kinanisumbua. Miaka kumi na miwili hii ya mwisho, miti yako inanenepa kupita kiasi. Mvua nzuri inanenepa, ukame inanenepa."

"Inakula vizuri," mume wangu akasema.

"Na mti namba mia nne na tisa?"

"Huo umekufa. Mwaka wa kumi na tatu huu umekauka umesimama. Niliambiwa iliyokufa nayo niipime mpaka ianguke."

"Ndiyo, na unapimwa, nakushukuru. Lakini kila mwaka umeongezeka unene." Akapapasa kifuniko cha sanduku. "Mzee, maiti inanenepa?"

Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Unasema natunga namba," mume wangu akasema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema, ila kwa adabu."

"Basi nieleze unavyopima, mzee wangu. Labda tutaona."

Hapo akasimama. "Nilipoanza kazi hii wewe ulikuwa unatambaa, leo unaniuliza ninavyopima! Msitu uko palepale. Kaiulize miti."

Binti wa watu akabaki anashika pembe ya sanduku. Alisema taratibu kwamba mwisho wa mwezi anatakiwa kupeleka hesabu kwa wenzake wa vituo vingine. Asipopata maelezo, miaka hiyo kumi na miwili ataifuta, na kazi ya kupima ataitafutia mtu mwingine. Hakusema kwa jeuri. Ningependa angesema kwa jeuri, ningempa yake.

Alipoondoka mume wangu aliosha viatu vyake vya msituni, akavitundika kwa kamba zake kwenye msumari wa ukumbini. Chakula akakigusa kidogo. Kesho yake vilevile. Mtu aliyezoea kunieleza habari za kila mti kana kwamba ni mawifi zangu, akawa anatazama ukuta.

Na mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu lilipotajwa neno maiti.

Mgongo wa mume wangu umeinama. Nyumbani kwetu jambo hilo halisemwi. Binti yetu mkubwa aliwahi kumwambia, "Baba, nyooka kidogo," akanuniwa wiki nzima. Lakini mimi ndiye fundi wake. Kila baada ya miaka miwili kituo hutoa kitambaa cha koti la mvua, nami humshonea koti refu lililopasuliwa mbele kuanzia kifungo cha tatu kwenda chini, apate kuvuka magogo. Ili pindo lisiburute tope, hupima kutoka kifungo hicho mpaka sakafuni. Kuandika namba si kazi yangu. Herufi zenyewe nazisaka mojamoja, hata hapa ninapoandika. Kila mteja wangu ana ukanda wa kitambaa uliokatwa kwa kipimo chake. Vya mume wangu viko kumi na vinne kwenye msumari nyuma ya mlango, kila kimoja kimetoka kwenye koti la mwaka wake.

Kumpima kuna ujanja. Akiona mkasi anajikaza kama askari wa gwaride. Basi nampigisha soga. Namuuliza habari za mti fulani, anaanza kueleza, anasahau, mgongo unarudi ulikozoea. Hapo ndipo nakata. Vitambaa vinane vya kwanza vinalingana. Kuanzia cha tisa vinapungua, na cha mwisho ni kifupi kwa kiganja kizima na vidole viwili.

Kwa hiyo kifungo kilikuwa kinashuka, naye anashuka na utepe, na rangi nyekundu inashuka naye. Na mti ukiupima chini zaidi, ni mnene zaidi. Hata ulio mfu.

Siku ya tatu asubuhi nikamjaribu. "Mume wangu, mgongo wako."

"Mgongo wangu umefanya nini?"

"Umeinama."

"Nani kainama?"

"Wewe. Kiganja na vidole viwili."

Akageukia ukuta. "Nenda kashone, Fundi."

Sikwenda kushona. Nilichukua vitambaa vyangu msumarini, nikavaa viatu vya kutokea, nikaenda kituoni.

Ofisi ya daktari ina meza ndefu ya kuchambulia majani, na harufu ya karatasi iliyokauka juani. Nilivipanga vitambaa juu ya meza kwa mpangilio wa miaka, ncha moja zikilingana kwenye ukingo. Sikueleza kwanza. Nilimwacha atazame. Upande wa pili ncha zilikwenda sawa, sawa, kisha zikaanza kuteremka kama ngazi.

"Hivi ni nini, mama?"

Nikamweleza habari ya kifungo. Alivuta madaftari akaanza kufunua haraka haraka. "Ndiyo maana," akawa anasema. "Ndiyo maana!"

"Na jambo jingine, mwanangu," nikasema. "Mtu anayetunga namba nyumbani, angemnenepesha maiti? Si angemwacha alivyo? Huyo kaandika alichokiona."

Akainamisha kichwa. "Kweli, mama. Hilo sikulifikiria."

Mlango ukafunguliwa. Mume wangu, na malapa yake ya nyumbani, anahema. Aliona msumari mtupu akanifuata.

"Rudisha vitambaa vyangu."

"Ni vyangu. Wewe ni mteja."

"Fundi, utanifanya kichekesho."

Daktari akasimama, akasema kwa heshima, "Mzee, nakuomba usimame hapa ukutani mara moja. Ni kipimo kimoja tu. Nikikipata, daftari halifutwi."

Alitazama ukuta muda mrefu. Kisha akaenda, akaweka visigino, akajikaza kama askari wa gwaride, kifungo cha tatu kikapanda mpaka karibu kabisa na pa zamani. Binti akanitazama. Ningenyamaza hapo, kila mtu angeona mume wangu amenyooka, na miaka kumi na miwili ingekwenda na maji.

Nikavuta kiti. "Hivi baba watoto, ule mia nne na tisa uliuawa na nini? Radi?"

"Radi wapi! Radi imeua ule mwingine, wa bondeni. Huu ulinyongwa. Kuna mmea unaoota juu kwenye tawi, mbegu yake inaletwa na ndege, unashusha mizizi taratibu, unaukumbatia..." Mikono yake ikaanza kuonyesha ukumbatiaji wenyewe. "Niliukata ule mnyongaji, lakini nilichelewa. Majani yalianza kupukutika upande mmoja..."

Mabega yakashuka. Mgongo ukarudi ulikozoea. Daktari alipitisha mkono polepole, akatia alama ya penseli ukutani usawa wa kifungo.

Mume wangu alinyamaza katikati ya neno. Akageuka, akaiona alama, akaiona na fimbo ya mita iliyosimamishwa kando yake. Sentimita kumi na nne chini ya pa zamani. Aliigusa alama kwa kidole kama anayetaka kujua rangi imekauka au bado.

"Umenivua nguo mbele ya mtoto," akaniambia.

"Nimekuvua koti tu."

Hakucheka. Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma.

Siku tatu hakunisemesha, nami sikumbembeleza. Daktari alituma ujumbe kwamba daftari limepona. Kila mti utapimwa pa zamani na pa sasa, na kwa vitambaa vyangu atajua kila mwaka utepe ulikuwa umeshuka wapi. Na anamsubiri mpimaji wake. Niliusoma ujumbe kwa sauti, mara mbili, huku mtu anajifanya anatafuta miwani.

Siku ya nne akavishusha viatu.

"Fundi."

Nikajifanya nahangaika na sindano.

"Fundi, nipe kile cha kwanza."

"Cha nini? Fimbo zipo kituoni."

"Fimbo siijui. Kile nakijua."

Nikakitoa. Kaki iliyopauka, ya mwaka alioanza kazi. Nilikishonea pembeni mishono miwili kisifumuke wala kisivutike, na kwenye ncha ya juu nikatia kifungo.

"Kikirefuka nitajua ni wewe," akasema.

Nilimsindikiza mpaka msituni, nikisema nambebea chakula. Daktari alikuwa anatusubiri na kalamu. Chini ya mia nne na tisa, ule mfu, mume wangu alikanyaga ncha moja ya kitambaa, akakivuta juu kando ya shina. Kifungo kilimfika kooni. Alikitazama kidogo. Kisha akainua mikono, akazungusha utepe hapo juu, akasoma.

Daktari aliandika, akafunua daftari nyuma, akahesabu miaka kwa kidole. "Ni namba ileile ya mwaka mti huu ulipokufa, mzee. Ileile kabisa."

"Maiti hainenepi, binti," mume wangu akasema, akasogea kwenda mia nne na kumi.