Kilemba cha Bolti Ishirini

Siku hizo ukienda kuposa Kariakoo, mama wa binti alidai mkaja na baba alidai kilemba. Kilemba chenyewe kilikuwa kitambaa, na mtu mwenye akili timamu alikijadili kama anavyojadili pweza sokoni: unakigusa, unakinusa, unajifanya unaondoka. Mimi nilijiandaa hivyo. Nilikuwa dalali wa vyuma vikuukuu mtaa wa Msimbazi, na sikuwahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, hata dawa. Nikamtuma mjomba wangu awe mshenga, nikampa maagizo: wakitaja kitambaa chochote, ashike kifua kwanza, ndipo azungumze.

Mjomba alirudi kimya. Kwa mtu yule, ukimya ulikuwa ugonjwa.

"Wamekataa?"

"Wamekubali."

"Sasa mbona uso huo?"

"Mama anataka mkaja kama watu wote. Baba hataki kilemba."

"Alhamdulillahi!"

"Ngoja kwanza. Badala ya kilemba anataka bolti ishirini za boila ya gari moshi. Zile zenye kichwa cha mviringo, na vifuniko vyake. Hilo la vifuniko amelisema mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono."

Baba mwenyewe alikuwa fundi wa maboila, amestaafu karakana ya reli kule mtaa wa Gerezani. Wakati huo alikuwa amepata kazi kwa Mwarabu mmoja wa sabuni, karibu na mto Msimbazi, aliyenunua boila ya injini iliyochoka ili apate mvuke wa kupikia sabuni yake. Nikaenda kumwona huko. Mchumba hajadiliani na mkwe, hilo nalijua, kwa hiyo nilivaa nguo za kazi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja kama nani?"

"Kama mtu wa vyuma."

"Vizuri. Mchumba ningemfukuza."

Akanipeleka nyuma ya boila, akaigonga kwa nyundo ndogo huku na huku, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza umbea. Sehemu ile ina kuta mbili za chuma, akaniambia. Wa ndani umekumbatia moto, wa nje umetazamana na watu, na katikati yake kuna maji. Bolti ndizo zinazozishika kuta hizo mbili zisiachane mvuke unapozisukuma. Tabu ni kwamba ukuta wa ndani ukipata moto hutanuka na kupanda, na wa nje hubaki nyuma. Bolti ngumu iliyofungwa huku na huku inapindwa kila moto ukiwashwa na kila ukizimwa, mpaka siku moja inakatika shingoni. Kwenye pembe za juu, ambako mwendo ni mkubwa zaidi, huwekwa zile za vichwa vya mviringo. Kichwa kinakaa katika kiti chake kama mfupa wa nyonga, bolti inayumba kidogo, haikatiki. Kisha juu ya kichwa kinasokotwa kifuniko ili mvuke usitoke.

"Na kifuniko hakikigusi kichwa," akasema. "Kinakilinda, hakikibani. Mjinga akikikaza mpaka kikabana, amerudi kwenye bolti ngumu."

"Nimekuelewa, fundi. Lakini ishirini ni nyingi. Tuseme kumi na tano, hizo nyingine tutie za kawaida?"

Akaishusha nyundo.

"Na binti nikupe kiasi gani? Robo tatu?"

Nikaaga kwa adabu.

Bolti sikuzitafuta. Zilikuwa kwenye pipa katika bohari ya Mhindi niliyemfanyia udalali, zilikuja na shehena ya vyuma vya reli. Sheria ya bohari zetu ilikuwa kupanga chuma kwa umbo: virefu na virefu, vyenye tundu na vyenye tundu. Hakuna aliyeuliza nani ni ndugu wa nani. Bolti zilibaki kwa sababu hakuna wa kuzitaka. Vifuniko vilikuwa vimekwisha zamani, kwa sababu nilikuwa nimeviuza mimi.

Na niliviuza kwa ustadi. Kifuniko kile ukikigeuza ni kikombe kidogo kizito, chenye mistari ya skrubu kwa ndani. Wauza viungo niliwaambia ni kipimo cha reli, hakidanganyi. Wanawake niliwaambia ni chetezo kisichopasuka, na kama mnunuzi alisitasita niliongeza kwamba kinaleta heri. Sasa ilinibidi nizunguke soko lile lile nikiyameza maneno yale yale, moja baada ya jingine.

Nilianza kwa Baniani wa bizari, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kipimo hiki?" akasema, akakifunika kwa kiganja. "Wewe mwenyewe umesema, chuma cha reli hadanganyi. Sasa mimi narudi kwa kopo ya bati, ile nadanganya?"

"Nitakupa cha shaba, kinang'aa."

"Cha shaba laini ndani. Hiki ina mistari. Pilipili kidogo nabaki ndani ya mistari, kila mteja kidogo. Hii kidogo ndiyo nasomesha watoto."

Kwake niliacha kipimo cha shaba, bawaba mbili za mlango, na heshima yangu.

Bibi mmoja muuza ubani alinipa kazi zaidi. Alikuwa amekaa chini, moshi unamzunguka, kifuniko changu katikati ya magoti yake kimejaa makaa.

"Ulisema hakipasuki," akasema. "Kweli, hakikupasuka. Ulisema kinaleta heri. Binti yangu amejifungua mapacha. Nikikurudishia hiki, mwanangu, na mapacha niwarudishe kwa nani?"

"Bibi, heri imeshaingia nyumbani. Chombo tu ndicho kinatoka."

"Aa, sasa ndiyo unajua kusema hivyo! Siku ile heri ilikuwa imo humu humu."

Nilimpa vyetezo viwili vya udongo, na mzigo wake wa makaa nikaubeba mpaka kwake, na kumbe alikuwa amehamia Ilala.

Ubaya wa Kariakoo ni kwamba ukijulikana unatafuta kitu, kitu hicho kinapata ukoo na historia. Kifuniko kilichokuwa kinazuia mlango usigonge kikawa urithi wa marehemu baba. Watu niliokuwa siwajui walinifuata barazani na vifuniko vya birika, vya chupa za wino, na mmoja na kofia ya taa ya baiskeli, akaapa aliitoa kwenye injini kwa mikono yake. Na baiskeli nilikuwa sitaki kuisikia, kwa sababu mjomba alikuwa ameleta habari nyingine: karani mmoja wa Posta, mwenye suruali ya kupiga pasi na baiskeli mpya, naye ametuma posa nyumba ile ile. Kilemba chake kilikuwa kimekunjwa tayari.

"Mama anampenda," mjomba akasema. "Amesema boila isipowaka kabla ya Ramadhani, atamsikiliza karani."

"Na binti?"

"Binti sijamsikia. Nimesikia sufuria."

Hatimaye nikaketi chumbani, nikavimwaga vifuniko mkekani, nikavihesabu. Kumi na tisa. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, nikarudia. Kumi na tisa. Nikamwomba mjomba avihesabu, akapata kumi na nane. Alikuwa amekalia kimoja.

Nikaenda kwa mhunzi wa Gerezani anichongee cha ishirini. Akanichongea, kizuri cha kutazama. Fundi alikisokota nusu mzunguko, kikakwama, akanirudishia kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

"Mistari ya reli ni ya reli," akasema. "Hiki kafunikie chupa ya mafuta ya taa."

Mwezi wa Shaabani ulikuwa unakwisha. Sokoni hakuna aliyebaki na kifuniko. Nikaamua kumpelekea vile kumi na tisa nyumbani na kumwangukia, jambo ambalo halimo katika biashara yangu. Mjomba alinifuata ili anisaidie kuanguka.

Tulikaa kwenye baraza lake. Nilivipanga vifuniko sakafuni kwa mistari mitatu, nikitumaini pengo halitaonekana. Fundi alivitazama mara moja.

"Kimoja?"

"Fundi, nikueleze..."

"Kunywa kahawa kwanza. Mtu asife na kiu."

Muuza kahawa alikuwa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, akasimama, akatumiminia, na kila mmoja akampa kashata, zile zake za mviringo zilizojulikana mtaa mzima. Mimi nilikuwa nakula mbili kila alasiri tangu masika. Nilikuwa nimeshaitia mdomoni nilipoona fundi hajaiuma yake. Aliielekeza kashata kwenye mwanga, akapitisha ukucha ubavuni mwake polepole.

"Hii kashata," akasema, "ina nyuzi za skrubu."

Nikaitoa yangu. Ilikuwa nazo. Mimi ninayetambua chuma cha reli kutoka ng'ambo ya barabara, nilikuwa nimeitafuna skrubu ya nazi masika yote nikisifu iliki.

Fundi akachukua kifuniko kimoja sakafuni, akaitia kashata mdomoni mwake, si mdomoni mwake yeye, mdomoni mwa kifuniko, akaisokota. Iliingia taratibu mpaka mwisho bila kulalamika. Akaifungua, ikatoka nzima.

"Nani anakupikia hizi?" akamuuliza muuza kahawa.

Yule mtu akatutazama kama tunamfanyia mzaha.

"Fundi, si ninazichukua hapa hapa kwako? Mlango wa uani, kila siku baada ya adhuhuri."

Nyuma ya pazia la ukumbini mtu akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa.

"Mwanangu," fundi akaita, "una kifuniko cha chuma humo ndani?"

"Ninacho, baba. Ndicho ninachokandamizia kashata. Nakipaka mafuta, nashindilia, nasubiri ipoe, naifungua kama skrubu."

"Kilete."

"Baba, mwambie huyo bwana kifuniko alikiuza mwenyewe, kwa shangazi yangu, na akasema mali ikiuzwa hairudi."

Fundi akanigeukia. "Anasema..."

"Nimesikia, fundi. Mwambie nitampa chochote."

Nilipoyasema tu, niliona mjomba amefumba macho.

"Baba, mwambie sitaki chochote, nataka hili moja. Kashata ni zangu. Jiko langu, muuza kahawa wangu, na kinachopatikana changu, hata nikiolewa. Na aseme mbele ya shehe siku ya ndoa."

"Umekubali?" fundi akaniuliza.

"Nimekubali!"

Ndani nikasikia kama mtu anafikiri.

"Baba, mwambie amekubali upesi mno, kwa hiyo bei ilikuwa ndogo. Naongeza. Nazi atakuna yeye."

Mjomba akasimama. "Mwanamume juu ya kibao cha mbuzi? Wa ukoo wetu?"

"Mwambie na mshenga akae," sauti ikasema.

Mjomba akakaa. Mimi nikakohoa, nikajaribu kukusanya kilichobaki cha udalali wangu.

"Mwambie nusu ya nazi. Nusu mimi, nusu yeye."

"Baba, muulize, na boila tuifunge nusu?"

Fundi alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye vifuniko. Sikumwona tena akicheka hivyo, hata alipopata wajukuu. Nikasema nazi zote. Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kuondoka mnadani mikono mitupu, nikatoa mfukoni kile kifuniko cha mhunzi kilichokataliwa, nikakipitisha chini ya pazia.

"Hiki cha kukandamizia. Boila imekikataa. Kashata haitajua."

Mkono ukakichukua, wenye hina na unga wa nazi. Baada ya kitambo kile cha reli kikatoka njia ile ile, kimeoshwa, kimekaushwa.

Siku ya kuwasha moto tulisimama wote uani kwa Mwarabu wa sabuni. Fundi alivisokota vifuniko mwenyewe, kila kimoja mpaka kikakaa, kisha akaacha. Hakikazwi kwa hasira, alisema, anayetaka kukaza kwa hasira akafunge magunia. Mvuke ulipopanda alizunguka na nyundo yake, kichwa ameinamisha. Hakuna kilichopiga mluzi. Ila pembe ya juu, upande wa kulia, chuma kilipopata joto kilianza kunukia nazi na iliki, na Mwarabu akauliza kama kuna mtu anapika nyuma ya boila yake.

Tuliolewa, au nilioa, siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Shehe aliposoma sharti la nazi alilirudia kwa sauti kubwa zaidi, eti mashahidi wasikie.

Kashata za kifuniko cha mhunzi zilitoka na nyuzi zilizopinda kidogo, na wateja wakasema ni bora kuliko za zamani. Nazi nazikuna mpaka leo, uani, mlango umefungwa. Mara moja tu niliusahau wazi. Nilikuwa juu ya kibao, miguu nimeitandaza, kifuu mkononi, ndipo karani wa Posta alipopita kwenye kichochoro na baiskeli yake. Alipiga kengele mara moja, akaenda mpaka pembeni, akageuza, akapita tena, akapiga ya pili.