Nyuzi Nyuma ya Plastiki

Habakuki alikuwa fundi seremala wa kijiji cha ujamaa karibu na Makuyuni, na ustadi wa mikono yake haukuwa na ubishi. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Ukimwelekeza, anakujibu kwa mzaha, na akishakujibu huhesabu kwamba amekushinda.

Masika ya mwaka 1973, ndege ndogo ya misheni iliyokuwa ikibeba wagonjwa kutoka Handeni na Korogwe hadi Tanga ilikuwa imechakaa ndani. Plastiki iliyofunika kuta zake ilikuwa imepasuka kwa jua. Rubani Bernardo alimwita Habakuki kwenye kiwanja cha ndege cha shamba la mkonge.

Kazi aliianza vizuri. Alitoboa kitundu mwishoni mwa kila ufa ili usiendelee kukimbia, akapaka gundi kwa nyuma. Badala ya kitambaa alichopewa, akabandika katani. Kwao katani ilifunga paa, jembe na mpini. Kwa nini isishike plastiki?

Bernardo akachungulia. "Fundi, ncha hizi zinaning'inia. Nyuma ya hapa zinapita waya za usukani. Zikate."

"Bwana Bernardo, kamba ya katani inavuta meli, wewe unaihofia ndani ya kidege?"

"Siulizi kama ina nguvu. Nasema zikate."

"Haya, haya, nitazikata."

Mkewe Paulina, mshonaji, alikuwa amemtilia mkasi kwenye kikapu asubuhi hiyo. Habakuki hakuutoa. Aliona ncha zitajificha, akafunga paneli ya plastiki mahali pake. Kwa nje ilipendeza. Bernardo akamwamini, akamshukuru.

Wiki ile ile mvua ikanyesha mfululizo, na Paulina akashikwa na uchungu wa mtoto wao wa kwanza. Mkunga, Bibi Zamda, alimpapasa tumbo akatikisa kichwa. "Mtoto amekaa vibaya. Huyu ni wa hospitali ya Tanga, na ni sasa hivi."

Wakamlaza ndani ya ndege, Habakuki akakaa pembeni yake. Bernardo akawasha injini, akavuta usukani kuujaribu. Ukakwama. Akavuta tena, kisha akazima.

"Kuna kitu kimeshika waya."

Habakuki alijua kabla paneli haijafunguliwa. Katani ilikuwa imelowa kwa mvua iliyopenya, imevimba, na ncha zake zimejisokota kwenye kigurudumu kinachopitisha waya. Bernardo hakumtazama. Alichomoa uzi mmoja mmoja, akakagua waya wote, na alipomaliza mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mikonge.

"Siwezi kuruka," akasema.

Walikwenda kwa Landrova ya shamba. Barabara ilikuwa tope tupu. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kabla ya Muheza, na hakulia.

Paulina alipona mwili. Jioni moja, akikunja nguo aliyokuwa ameishona kwa ajili ya mtoto, alimwuliza mumewe.

"Baba, zile nyuzi zilitaka kukatwa kwa kitu gani?"

"Mkasi tu."

"Wangu ulikuwa wapi?"

"Kikapuni."

Akaingia ndani na ile nguo. Habakuki alibaki kibarazani. Jibu la mzaha, ambalo miaka yote lilikuwa karibu na ulimi wake, safari hii hakulipata, wala hakulitafuta tena maisha yake yote. Wateja wake wa baadaye walimjua kama fundi mkimya, asiyefunga kazi kabla hajapapasa upande usioonekana.