Gauni la Tarehe 25

Saa moja asubuhi, mkesha wa Krismasi, mafuta yameshapata moto kwenye karai la Mwaisha jirani na stendi, Shinyanga mjini. Anatumbukiza paja la kuku, linachachatika, naye anacheka peke yake.

"Siku kama ya leo namkumbuka sana Mama Yuko," anasema. "Yule mama alinivalia, jamani."

Mwaisha, 52, ni Mwislamu, mjane, mama wa Feisal. Siku za kawaida hukaanga kuku kumi; leo ameagizwa arobaini. Huyo Yuko alikuwa mpangaji wake, mwalimu wa hesabu kutoka Japani, aliyekaa chumba cha uani mpaka akawa kama binti wa nyumba. Aliporudi kwao hakusahau. Desemba iliyopita alimwalika, na Mwaisha akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani.

Huko akakuta miti imevishwa taa mpaka basi. Krismasi yao, akagundua, ni kuku wa kukaanga na keki nyeupe yenye stroberi juu, na wengi wala hawaendi kanisani. Watu wamepanga foleni ya keki kwenye baridi ya kukata masikio, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Yuko alimtafutia kuku wa halali, na jioni ya tarehe 24 mgeni ndiye aliyesimama jikoni. Mama Yuko, yaani mama mzazi wa Yuko, mtu mzima asiyejua neno la Kiswahili, alikula mpaka akalamba vidole.

Mwaisha mwenyewe alionja tu. Alikuwa anaacha nafasi ya kesho, maana kwa mtu wa Shinyanga sikukuu ni tarehe 25. Miaka yote siku hiyo huvaa gauni jipya, akavuka uchochoro kwenda kula kwa jirani yake Scolastika, kama Scolastika anavyokuja kula kwake siku ya Idi.

Basi akaamka mapema, akapika pilau, akavaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, akaketi kusubiri. Yuko alikwisha kwenda kazini. Dirishani akaona mafundi wanashusha mapambo ya duka la ng'ambo ya barabara. Masikini, Krismasi ilikuwa imekwisha jana na yeye hana habari.

"Nililia," anasema. "Si njaa, si ugeni. Ila kupendeza halafu hakuna wa kukuona, acha tu."

Mama Yuko alirudi kutoka dukani akamkuta hivyo. Akalitazama gauni, akaitazama pilau, akainama kama wanavyofanya wao, kisha akaingia chumbani. Mwaisha akadhani amemkera. Kumbe bibi wa watu alikwenda kuvaa! Akatoka na kimono chake cha heshima, nywele kazibana vizuri, akaketi mbele ya sinia. Wakala wawili hao, wakichekeana tu, mpaka jioni.

Mwaka huu uchochoroni kumepooza. Scolastika alifiwa na mumewe mwezi Juni, na wanawe wako machimboni Geita. Duara, yaani shimo wanalochimba, limeanza kutema dhahabu, hawathubutu kuliacha. Juzi alimwambia Mwaisha, ambaye kwa Kisukuma humwita mayu, yaani mama:

"Mayu, mwaka huu sipiki. Nimpikie nani?"



Leo Mwaisha analo jibu. Kuku mmoja amewekwa pembeni chini ya kawa, hauzwi hata mteja abembeleze vipi. Mchele wa pilau umeshachambuliwa. Kesho, Scolastika akisharudi misa, Mwaisha atavuka uchochoro na sinia kichwani, na gauni ni lile lile la Japani.

Je, Scolastika akifungua mlango kavaa kanga zake za jikoni, akasema hana sikukuu?

Mwaisha anageuza paja lisiungue.

"Sitabishana naye," anasema. "Nitakaa barazani, nimngoje avae."