Mbuzi Aliyefukuza Watoto kwenye Majani

Nichekeni tu, nimestahili. Mwezi uliopita nilimsindikiza mwanafunzi wangu, Mado, mpaka Ubelgiji kueleza utafiti wake juu ya watoto wa Lubumbashi wanaokosa majani ya kuchezea mjini. Yule binti anajua kusema, jamani! Ukumbi mzima ulisahau kahawa, nami kichwa kikanivimba kwa fahari.

Kisha akatusikilizisha sauti alizorekodi mwenyewe huku nyumbani. Watoto wanacheka, wanabiringika kwenye majani. Ghafla mwanaume anafoka: «Bana ba nani, hii? Mutoke mu majani yangu!»

«Anasema nini?» mama mmoja aliyeketi kando yangu aliniuliza kwa Kifaransa.

Nikamtafsiria kwa uchungu kwamba anauliza hao ni watoto wa nani, anawafukuza kwenye majani yake, nikaongeza na langu: «Mtu asiye na roho, Madame. Hata sauti yake ni ya mbuzi mwenye mafua. Watu kama hawa ndio wanaotuharibia mji.»

Akatikisa kichwa kwa huzuni. Mbuzi akaendelea: «Ni miye, Profesa Ilunga, njo nilipandaka hii majani!»

Jina halikuhitaji tafsiri. Yule mama aligeuka polepole, akaisoma kadi ya jina iliyoning'inia shingoni mwangu.